Kiingereza cha Bure na Masikio ya Mwalimu Kulwa

Ninyi mnaopangiwa shule za kata siku hizi, mnaoripoti na begi moja na simu mbili, nisikilizeni kidogo. Mimi nimestaafu. Nakaa Ngokolo, Shinyanga mjini, nafuga kuku na kugombana na majirani kuhusu maji ya mvua yanayopita uani kwangu. Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha Kiingereza, na miaka ya mwisho niliimalizia kwenye shule moja nje ya mji wa Geita, mahali ambapo ukiwa darasani unasikia karasha zikisaga mawe ya dhahabu tangu gwaride la asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Sitawadanganya kwamba nina habari njema nyingi. Mkikutana na mwalimu mstaafu aliyejaa habari njema, muulizeni alikuwa anafundisha wapi.

Juzi binti wa jirani yangu, aliyemaliza chuo cha ualimu, alikuja kunisalimia. "Shikamoo bibi. Eti, huko mtandaoni naweza kupata wapi vitu vya bure vya kufundishia Kiingereza?" Nikamwitikia, nikampa kigoda. Nilitaka kumtajia tovuti mbili tatu aende zake. Badala yake nikajikuta namsimulia habari za Kulwa, na chai ikapoa.

Kwanza mjue tulikuwa tunahangaika na nini. Mtoto wa kule nyumbani anaongea Kisukuma. Kiswahili amekikuta darasa la kwanza, akakipigania mpaka la saba, na alipoanza kukizoea, akafaulu. Akaingia kidato cha kwanza. Kule anakuta baiolojia ni Kiingereza, historia ni Kiingereza, hesabu nayo imevaa Kiingereza. Anakaa kimya. Mwanzoni unadhani ni heshima, maana watoto wetu wana heshima. Halafu miezi inapita na kimya kile hakitoki, unagundua kwamba mtoto anazama mbele yako, na hapigi kelele kwa sababu hata hiyo kelele anadhani inatakiwa iwe kwa Kiingereza.

Silaha yangu ilikuwa chaki. Naandika sentensi, nasema semeni baada yangu, wanasema. Lakini ulimi wangu mimi mwenyewe ni wa Kisukuma. L na R kwangu ni mapacha, namtambua mmoja kwa kubahatisha. Mwaka mmoja nilikuwa na darasa zima linaloandika kwamba Jumapili watu wa kijijini *play* kanisani ili mvua inyeshe, na vijana wanakwenda uwanjani ku*pray* mpira. Nikasahihisha madaftari yote kwa wino mwekundu, kisha nikasimama mbele yao nikayatamka maneno yale mawili, moja baada ya lingine, na yote yakatoka sawasawa. Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini nilivyorudi nyumbani sikuwa nacheka.

Ndipo akaja Kulwa.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, kwao Buseresere, ana digrii ya ualimu na hana ajira. Alikuja kujitolea. Siku hizi mnalijua neno hilo vizuri kuliko mimi: unafundisha vipindi vyote kama mwalimu, unasahihisha kama mwalimu, unakemewa kama mwalimu, ila kwenye orodha ya walimu haumo. Wazazi walikuwa wanamchangia kidogo, anapata chakula. Mkuu wa shule alimleta ofisini akasema, "Madam, huyu ni msaidizi wako wa Kiingereza." Kulwa akanisalimia kwa adabu zote, akaingia darasani, akatoka kipindi kilipoisha akaniambia, "Madam, watoto hawa hawasikii."

Nikadhani anasema ni watukutu. Nikamwambia, "Ukali kidogo tu, watatulia."

"Hapana, Madam. Nasema hawasikii Kiingereza. Hawajawahi kukisikia. Sisi tunawaandikisha lugha ambayo masikio yao hayajaionja. Mtoto gani aliwahi kujifunza kuongea kwa kunakili ubaoni?"

Nilikuwa na umri wa kumzaa, na nilikuwa nimefundisha kabla hajazaliwa. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikakumbuka ule mpira wa kuombewa, nikamwuliza tufanye nini.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuingia mtandaoni, nikiwa bibi wa wajukuu. Shuleni mtandao ulikuwa unapatikana dirisha moja tu la ofisi ya walimu, tena uegemeze simu kwenye nondo. Kwa hiyo Jumamosi tulikuwa tunakwenda Kalangalala, kule mjini Geita, kwa rafiki yake Kulwa mwenye duka la kutoa kopi, ambaye alituachia tutumie mtandao wake wateja wakiwa wachache. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya mashine ya kopi, tukitafuta.

Nawaambia tulichojifunza pale, kichukueni. Bure ziko za aina nyingi. Ipo bure ya somo la kwanza, ukishanogewa unaambiwa ingiza namba ya kadi ya benki. Ipo bure ya kutazama, lakini huruhusiwi kupakua, na wewe unakoenda hakuna mtandao, kwa hiyo ni sawa na kuonyeshwa wali dirishani. Tafuteni zile ambazo mwenyewe ameandika wazi kwamba chukua, nakili, gawa. Wapo watu wa namna hiyo duniani, Mungu awape maisha marefu. Acheni video, ni nzito na zinakula bando. Chukueni sauti peke yake, ni nyepesi na simu yoyote inaipiga. Na kabla hujampelekea mtoto kitu, kisikilize wewe mwenyewe mpaka mwisho, umefumba macho. Ukipotea wewe, yeye amekwisha zama.

Hilo la mwisho tulilijua kwa kukosea. Somo la kwanza tulilopakua lilihusu watu wawili wako hotelini. Sauti nzuri, ya bure, tukafurahi. Tukaliweka kwenye kadi ya memori, tukalichomeka kwenye spika ndogo ya Kulwa, tukaipandisha juu ya meza. Mhudumu akamwuliza mgeni anataka maji gani, ya kawaida au *sparkling*. Kulwa akasimamisha sauti akaeleza kwamba neno hilo maana yake ni kitu kinachometameta.

Msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake tangu aje, akanyoosha kidole. Anaitwa Minza. Akauliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mwalimu, hayo maji yanayometameta wamechenjulia dhahabu? Mbona huyo mgeni anakunywa? Si yana zebaki?"

Darasa zima likamgeukia yule mgeni ndani ya spika kwa huruma. Kulwa alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tulipotoka nje akaniambia, "Umeona, Madam? Yule mtoto amesikiliza. Ameelewa. Somo ndilo halimjui yeye."

Tukaendelea kutafuta. Hatimaye tukampata mzee mmoja wa nchi ya mbali, mwalimu mstaafu kama nilivyo mimi sasa, aliyekuwa na ukurasa wake mdogo usio na mapambo. Alikuwa anasimulia hadithi fupifupi kwa sauti ya polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hadithi za bustani yake, mbwa wake mwizi wa viatu, jirani yake mchoyo. Na aliandika pale chini kwamba mwalimu yeyote popote achukue. Watoto walimpenda mbwa yule kupita kiasi. Tulifundisha hivi: wanasikiliza mara moja, kimya. Wanasikiliza tena, wanasema walichoambulia, hata neno moja, hata kwa Kisukuma. Mara ya tatu tunakata kipande kifupi, wanarudia kwa pamoja. Kisha kila mmoja anasimulia kuhusu mbwa wa kwao. Sentensi mbili tu. Hakuna kucheka mtu.

Jumamosi moja tukakaa kwenye vile viti vya plastiki, Kulwa akafungua ukurasa wa mzee, ukagoma. Akafungua tena. Ukaandika kwamba haupo. Tulirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kulwa alimwandikia yule mzee kwa anwani aliyokuwa nayo, hakukuja jibu. Labda aliumwa, labda alikufa, labda hakulipia tu. Tulibaki na zile hadithi chache tulizokuwa tumeshapakua, na mbwa hatukujua alifikia wapi.

"Cha bure hakina wa kumlalamikia, Madam," Kulwa akasema. Akafunga simu. Baadaye, tukiwa tunarudi, akasema, "Basi tutengeneze vyetu."

Shida ilikuwa kelele. Ukirekodi popote pale shuleni, karasha zinaingia ndani ya sauti. Tukagundua kwamba stoo ya chakula, ile yenye magunia ya mahindi ya uji wa wanafunzi, inameza mwangwi vizuri ukifunga mlango. Karasha zenyewe zilikuwa zinaendeshwa kwa umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika, wakati kijiji kizima kinalalamika, sisi wawili tulikuwa tunakimbia kuelekea stoo. Mkuu wa shule alituona siku moja tunatoka mle tumejaa vumbi la mahindi, Kulwa ameshika simu juu kama yai. Akauliza, "Jamani, mnasaga?" Tukamwambia tunasaga Kiingereza.

Kulwa alikuwa na sauti. Sijui nitawaelezaje. Kiingereza chake kilikuwa safi bila kujifanya Mzungu, kila neno limesimama kwa miguu yake. Alitunga hadithi za kwetu: mbuzi aliyewahi kanisani kabla ya mchungaji, mama aliyebeba mawe ya karasha kichwani akadhani amebeba mahindi, mnunuzi wa dhahabu aliyeibiwa mizani yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kupunguza maneno magumu na kushika kopo la maji. Tukawa tunawarushia watoto kwa simu, wao wanawarushia kaka zao. Haikupita muda mafundi simu wakawa wanazijaza kwenye kadi za memori pamoja na nyimbo za Kisukuma. Ukipita minadani unasikia ngoma, ngoma, ngoma, halafu ghafla Kulwa anaeleza habari za mbuzi kwa Kiingereza, na wachunga ng'ombe wametulia wanasikiliza.

Siku moja wakaja wathibiti ubora wa elimu. Walikuwa wawili, wanaume, viatu vimeng'arishwa. Waliingia kidato cha pili, mmoja akauliza kwa Kiingereza, jana mlifanya nini? Nikaona wale wavulana wangu wa mbele, hodari wa sarufi, wanatazama madawati. Ndipo Minza akasimama kule nyuma. Akasema kwa Kiingereza, bila haraka wala kutetemeka, kwamba jana aliosha mawe pamoja na mama yake, maji yalikuwa ya baridi, mikono yake ikauma, na mama akaimba ili mikono isiume.

Yule mthibiti aliyeuliza alivua miwani. Akauliza mwalimu wa darasa hili ni nani. Kulwa alikuwa mlangoni. Mkuu wa shule akasita kidogo, kwa sababu Kulwa hakuwa kwenye orodha ya walimu, akasema, "Ni idara ya Kiingereza, mheshimiwa." Wakaandika sifa za idara. Walipoondoka nilimkuta Kulwa nyuma ya madarasa amesimama peke yake. Nilifikiri amekasirika. Alikuwa analia, na alipoona namwona akasema, "Madam, umesikia vile alivyosema *sang*? Wakati uliopita, sawasawa kabisa. Sikumfundisha mimi. Amelisikia tu." Huo ndio wakati nilioona furaha kwenye kazi hii. Niliwaambia ni nyingi? Sikusema hivyo.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana maisha ya kule ni ya rashi. Mtu anaokota jiwe zuri mahali fulani, habari inatembea, kesho yake watu wanahama na magodoro. Ilitokea rashi upande wa mbali, na kijiji chetu kikaanza kupungua. Wazazi wakahama na watoto. Madawati yakabaki wazi kama meno yaliyong'oka. Minza aliondoka na mama yake bila kuaga. Niliuliza kwa majirani zake, wakanionyesha njia kwa mkono, ile ya kusema ni huko huko. Sijamwona tena mpaka leo. Ninapofika mahali penye wanawake wanaoosha mawe huwa natazama nyuso.

Watu walipoondoka, michango ya kumlisha Kulwa nayo ikaondoka. Alivumilia. Alikula uji wa wanafunzi. Kila zilipotangazwa ajira aliomba, na kila majina yalipotoka tuliyasoma pamoja kuanzia juu mpaka chini, kisha yeye akayasoma tena peke yake kuanzia chini mpaka juu. Shati lake lilikuwa moja la kazini, analifua jioni.

Ana pacha wake, Doto. Doto hakusoma sana, alikuwa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na alikuwa na pikipiki na simu nzuri. Alikuja shuleni siku ya kufunga muhula. Kulwa akanijia na begi lake.

"Madam, naenda na Doto. Likizo tu. Nipate nauli na viatu, nirudi."

"Kulwa, duara halina likizo," nikamwambia. "Linajua kuingia tu."

"Mama anaumwa Madam. Na mimi ni mwanaume. Siwezi kila siku kula uji wa watoto."

Mimi nilikuwa na mshahara wangu na siku zangu za kustaafu zinahesabika. Nikamwombea. Akaniachia ile spika ndogo, akasema isikae bila kuchajiwa, betri itakufa. Shule ilipofunguliwa nilikaa nikitazama njia. Hakurudi. Nikaendelea kuwapigia watoto hadithi zake kwa ile spika, watoto wakawa wanauliza, "Sir Kulwa yuko wapi?" nami nikawa naonyesha spika, nasema, si huyo hapo anaongea?

Habari aliniletea Doto mwenyewe. Walikuwa wametega baruti chini, wakalipua, wakahesabu milio, wakaona imetimia. Walikosea kuhesabu, au mbili zililia kwa pamoja. Kulwa alitangulia kushuka. Moja ilikuwa haijalia, ikalipuka yeye akiwa karibu. Mwenyezi Mungu alimkinga kwa jiwe kubwa, mwili haukukatika popote. Doto alikuwa juu anavuta kamba. Alipomtoa alimkuta mzima, ana vumbi tu, macho yamefunguka. Doto akawa anamwita kwa nguvu, "Kulwa! Kulwa!" naye anamtazama mdomo, halafu akamwuliza, "Mbona unanong'ona?"

Alipelekwa hospitali kubwa Mwanza. Wakasema mishipa ya ndani imekufa, sikio moja kabisa, jingine limebakiza kitu kidogo kisicho na faida. Wakataja kifaa cha kuvaa. Wakasema hata hicho hawaahidi kwamba kitasaidia.

Nilistaafu muhula ule. Hafla ilifanyika, nikapewa kitenge na ndoo, nikalia, watu wakadhani nalilia shule. Baada ya hapo nikapanda gari mpaka Buseresere kumwona. Mama yao alinipokea mlangoni. "Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, na nilivyoitikia akanishika mikono yote miwili. Kulwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananyanyua kichwa. Akaniamkia kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, "SHIKAMOO MADAM!" Kuku wakakimbia. Mama yake akamwashiria kwa kiganja, ashushe. Akashusha. Akashusha mno. Tangu siku ile sauti yake haikujua tena mahali pa kukaa.

Tuliongea kwa kuandika kwenye simu yangu. Yeye anasema, mimi naandika namwonyesha. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Wanafunzi wameanza kutofautisha L na R?"

Nikaandika: Bado.

Akacheka. Akasema, "Wape muda." Halafu akasema, "Madam, watu wanadhani humu ndani kumenyamaza. Hakujanyamaza. Kuna karasha. Inasaga usiku na mchana, haikatiki umeme."

Nikaishika ile simu mpaka mwanga wake ukazima.

Hadithi zake bado zipo, ninyi mnaotafuta vya bure. Mtu fulani alizipandisha mtandaoni, wengine wakazichukua kwake, wakakata mwanzo ambapo alikuwa anajitaja jina. Nimekuta watu watatu tofauti wanadai ni zao. Nilimwonyesha Kulwa, nikidhani atakasirika. Akaniuliza tu kama wameziweka nyepesi, ili mwenye simu ndogo aweze kupakua. Kwa hiyo mkikutana na kijana anayesimulia polepole habari za mbuzi aliyewahi kanisani, chukueni. Alitaka mchukue.

Namalizia na siku ya usaili. Kazi hakupata, nawaambia mapema msije mkakaa mkisubiri.

Mwaka uliofuata, jina lake likatoka. Ombi alilolituma zamani, angali anasikia, ndilo lililojibiwa. Mtihani wa kuandika akaufaulu vizuri, maana kalamu haihitaji masikio. Akaitwa usaili wa kuongea. Doto akanipigia. "Mama, anataka kwenda. Amesema atasoma midomo. Mwambie wewe, sisi hataki kutusikiliza." Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumkataza, na nilipofika nikamkuta amenyoosha lile shati la kazini, anafanya mazoezi mbele ya kioo kidogo na mama yake, mama anatamka maneno bila sauti, yeye anayakisia. Alikuwa anapata mengi. Sikumkataza. Ningemkatazaje? Nikamwandikia: Waambie mapema kwamba husikii. Akasoma, akatikisa kichwa. "Nikiwaambia, usaili umekwisha, Madam. Niacheni nijaribu kuwa mwalimu kwanza, kiziwi baadaye."

Nikamsindikiza. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba pamoja na vijana wengine wenye bahasha, wanahaha. Alipoitwa nilimgusa bega, akainuka, akaingia. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kila kitu nilikisikia.

Aliwasalimia kwa Kiingereza, na sauti yake, sijui kwa msaada gani, ilikaa mahali pake. Wakamkaribisha kiti. Mwanamke mmoja akamwuliza kwa upole, amekuwa akifanya nini tangu alipomaliza chuo. Nilisikia karatasi zikifunuliwa; nadhani mwenye kuuliza alikuwa ameinama, anasoma. Midomo yake Kulwa hakuiona.

Akajibu. Akaeleza namna ya kumfundisha lugha mtoto ambaye hajawahi kuisikia. Akaanza na sikio. Akaeleza kwa nini sauti kabla ya maandishi, kwa nini hadithi iwe na mbuzi na si uwanja wa ndege, kwa nini mtoto aachwe aambulie neno moja na asichekwe. Yalikuwa majibu ya swali ambalo hakuna aliyeuliza, na nilikaa katika kazi hii miaka mingi bila kusikia somo kama lile kutoka kwa profesa yeyote. Mwanaume akamwuliza swali jingine, kuhusu nidhamu ya wanafunzi. Kulwa akajibu kuhusu namna ya kurekodi sauti kwenye stoo ya mahindi. Nikasikia kiti kikisogezwa. Mtu akanong'ona. Yule mwanamke akasema, sasa kwa Kiswahili, na sauti yake imebadilika, "Mwache. Mwacheni amalize." Wakamwacha. Hawakuuliza tena. Walimshukuru, na nadhani walisimama, kwa sababu nilisikia viti vyote kwa pamoja.

Alitoka anang'aa. Jasho limelowesha kola. Wale vijana wa kwenye benchi wakamzunguka wakimwuliza wameuliza nini, wameuliza nini, naye hakuwasikia, akanijia mimi moja kwa moja, akanishika mkono.

"Madam," akasema, kwa sauti kubwa, barabara nzima ikageuka, "wamenisikiliza mpaka mwisho. Hawakunikatiza hata mara moja."